Kasi ya intaneti ipimwe kwenye waya kabla mteja hajauziwa kifurushi kikubwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie jambo linalosumbua nyumba nyingi hapa Moshi, kuanzia Soweto na Majengo hadi Rau na Shanty Town, nalo ni intaneti ya nyumbani inayolipiwa kila mwezi huku ikisuasua. Mteja anapolalamika, kwa kawaida hupewa majibu mawili. La kwanza ni kwamba azime ruta, asubiri kidogo, kisha aiwashe. La pili, ambalo huja pale la kwanza linaposhindwa, ni kwamba kifurushi chake ni kidogo na hana budi kupanda daraja. Mimi ni fundi wa mitandao ya majumbani na ya nyumba za wageni katika mji huu, na hoja yangu ni kwamba majibu yote mawili hutolewa kabla mtu yeyote hajajua tatizo liko wapi. Upande mmoja wa ruta kuna laini inayotoka kwa mtoa huduma. Upande wa pili kuna mawimbi ya waifai yanayopita katika kuta za nyumba ya mteja. Kasi inaweza kupotea upande wowote kati ya hizo. Kifurushi kikubwa hakirudishi kasi inayopotelea chumbani, na kuhamisha ruta hakuongezi kasi ambayo haikufika kwenye ruta.

Sisemi kwamba kuzima na kuwasha ni upuuzi. Ruta ni kompyuta ndogo, nayo ikikaa wiki nyingi bila kupumzishwa kumbukumbu yake inaweza kujaa. Ile inayotumia mtandao wa simu, inapowaka upya, huchagua tena mnara na masafa. Lakini ruta inayohitaji kuzimwa kila jioni ina kasoro inayopaswa kutafutwa, iwe ni joto, adapta iliyochoka au umeme usiotulia, na mhudumu wa simu anayerudia agizo hilo kila mara anapopigiwa hajatatua lolote.

Nianze na vizio, maana hapo hutokea malalamiko ambayo hayana msingi. Mkataba hutaja kasi kwa megabiti, ilhali kompyuta inaposhusha faili huonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo laini ya megabiti 20 kwa sekunde, ikiwa katika hali yake bora, itashusha faili kwa takriban megabaiti mbili na nusu kwa sekunde, na filamu ya gigabaiti moja itachukua karibu dakika saba. Mteja anayeona 2.4 kwenye skrini hajaibiwa chochote, ingawa aliyemuuzia angeweza kumweleza hilo kwa sentensi moja siku ya kumfungia.

Kipimo chenyewe hakihitaji fundi. Chukua kompyuta yenye tundu la waya, iunganishe na ruta kwa kebo ya mtandao, zima waifai ya kompyuta hiyo, na uwaombe wengine nyumbani waache kutumia intaneti kwa dakika chache. Fungua tovuti yoyote inayojulikana ya kupima kasi, kisha uandike namba tatu: kasi ya kushusha, kasi ya kupandisha, na muda wa ujumbe kwenda na kurudi, unaohesabiwa kwa milisekunde. Fanya hivyo asubuhi watu wakiwa makazini, na urudie kati ya saa mbili na saa nne usiku, wakati mtaa mzima uko mtandaoni. Asiye na kompyuta atumie simu, akisimama chumba kimoja na ruta, hatua mbili au tatu kutoka ilipo, akiwa ameunganishwa kwenye mawimbi ya gigahezi 5, aina ya waifai nitakayoieleza mbele. Hakitakuwa kipimo safi kama cha waya, lakini kitatosha kuonyesha mwelekeo.

Kebo nayo itiliwe shaka. Ndani yake kuna nyaya nane zilizosokotwa jozi jozi, na ili ipitishe gigabiti moja kwa sekunde jozi zote nne lazima ziwe nzima. Panya akitafuna waya mmoja, au kichwa cha kebo kikibanwa vibaya, mara nyingi vifaa hushuka kimyakimya hadi megabiti 100 bila kumwambia mtu. Ruta nyingi za bei nafuu zina matundu ambayo hayavuki kiwango hicho hata kebo ikiwa nzima. Mwenye kifurushi cha megabiti 200 akiona kipimo chake kimegota kwenye 94 au 95, asubuhi na usiku, aangalie kebo na tundu kwanza, kwa sababu msongamano wa mtandao hautoi namba inayofanana saa zote.

Kuna jambo jingine kuhusu tovuti hizi za kupimia. Zikiachwa zichague zenyewe, hupima njia ya kwenda kwenye seva (kompyuta inayojibu kipimo) iliyo karibu, ambayo huenda iko Dar es Salaam au hata ndani ya mtandao wa kampuni ile ile unayoilalamikia. Matokeo yatapendeza, huku mkutano wako wa video na ofisi ya Ulaya ukiendelea kukatika. Nashauri kipimo cha pili kifanywe kwa kuchagua seva ya mbali kwa makusudi, mathalani Nairobi, kisha mji wa Ulaya. Muda wa kwenda na kurudi utaongezeka, na sehemu ya ongezeko hilo ni maumbile tu: mwanga katika waya wa kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 za njia huongeza milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Hilo halina kampuni ya kulaumiwa. Ila kasi ya kushusha ikianguka kutoka 40 hadi 3 mara tu unapotoka nje ya nchi, hapo kuna swali la kuuliza.

Sasa, katika nyumba nyingi ninazoitwa, kipimo cha waya hutoka kizuri. Mwenye nyumba hushangaa, na wengine hukasirika, kwa kuwa walikwisha kuamini kwamba wanadhulumiwa. Tatizo lao ni waifai. Nyumba zetu hujengwa kwa tofali za saruji au za kuchoma, hupigwa plasta pande zote mbili, hufungwa mkanda wa zege wenye nondo, na wenye uwezo huongeza milango ya chuma. Fundi wa kampuni akifika huingiza waya kwenye kona iliyo karibu na nguzo, na ruta huachwa hapo hapo, nyuma ya runinga, ndani ya kabati la vyombo au sakafuni chini ya kochi. Runinga bapa ina bati mgongoni. Kioo kikubwa cha kujitazamia kina utando wa metali nyuma yake. Jokofu ni sanduku la chuma. Vyote hivyo huzuia mawimbi au huyarudisha yalikotoka. Chumba cha nyuma anachosomea mtoto wa kidato cha tano, kilicho kuta tatu kutoka sebuleni, hupata masalia, na baba mtu huenda kulipia kifurushi cha pili.

Ruta nyingi za siku hizi hutoa mawimbi ya masafa mawili, na kila moja lina tabia yake. Ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi na hufika mbali, lakini nafasi yake ni finyu na imejaa: humo zimo spika na visikizio vya bluutuuthi, oveni za maikrowevu, kamera za bei rahisi, na ruta za majirani wote. Ya gigahezi 5 yana nafasi pana na kasi kubwa, ila hudhoofika upesi yanapokutana na ukuta. Katika 2.4 chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11, na anayechagua chaneli 3 au 8 akidhani amepata uwazi huwa amejiweka katikati ya makundi mawili ya majirani na kupokea kelele za wote. Mahali ambapo viwanja vimebanana, kama Majengo au Pasua, ni afadhali kuchagua moja ya hizo tatu yenye msongamano mdogo, kupunguza upana wa chaneli uwe megahezi 20, na kuhamishia kwenye gigahezi 5 kila kifaa kilicho chumba kimoja na ruta. Mipangilio hiyo imo ndani ya ruta yenyewe, na programu za bure za kwenye simu za Android huonyesha ni ruta ngapi za jirani ziko katika kila chaneli.

Hatua inayoleta nafuu kubwa kuliko zote haigharimu kitu: itoe ruta kabatini, iinue juu ya usawa wa kichwa, na uisogeze kuelekea katikati ya nyumba kadiri waya unavyoruhusu. Hapo ndipo watu hukataa. Wanasema itaharibu mandhari ya sebule. Sina ubishi na mandhari ya mtu, ila asiilaumu kampuni.

Nyumba ikiwa kubwa, au kukiwa na nyumba ndogo ya uani, kusogeza hakutoshi. Madukani watakuuzia kirudufu cha mawimbi cha kuchomeka kwenye soketi, na watakuambia kinaongeza kasi. Hakiongezi. Kifaa cha aina hiyo chenye redio moja hupokea na kutuma kwa zamu katika chaneli ile ile, hivyo kasi hupungua karibu nusu kabla hata umbali haujahesabiwa. Njia iliyo bora ni kuvuta kebo ya mtandao kutoka kwenye ruta hadi chumba cha mbali na kufunga huko kifaa cha pili cha waifai. Kebo ya kawaida hubeba kazi hiyo hadi mita 100, umbali ambao ni viwanja vichache vya Moshi vinaupita. Tahadhari ni moja. Kebo ya shaba inayoning'inia nje kati ya nyumba mbili hualika mishtuko ya radi, na masika ya mlimani si ya kubahatisha. Ipite ardhini ndani ya bomba, au utumike waya wa kioo, ambao haupitishi umeme.

Yapo mambo madogo ambayo nayapitia haraka. Nenosiri la waifai likikaa miaka bila kubadilishwa, nusu ya mtaa huwa inalijua. Simu ya zamani haiwezi kupokea kasi ambayo haikuundwa kuipokea. Kompyuta inayojisasisha yenyewe inaweza kumeza laini yote kwa saa nzima bila kuonyesha dalili kwenye skrini. Kuhusu ushauri unaopendwa sana na vijana, wa kubadilisha anwani za DNS na kuweka 8.8.8.8 ya Google au 1.1.1.1 ya Cloudflare, ukweli ni kwamba unasaidia pale tu ukurasa unapochelewa kuanza kufunguka, kwa sababu kazi ya DNS ni kutafuta namba ya seva kutokana na jina la tovuti. Ukishaanza kushusha, DNS haina la kuongeza. Ushauri huu umesifiwa kupita faida yake.

Kuna kasoro moja ambayo karibu hakuna mteja anayeielezwa, nayo ndiyo inayowatesa watu wa ofisi za utalii na wanafunzi wanaosoma kwa video. Kipimo ni kizuri, waifai ni nzuri, lakini mtu mmoja nyumbani akianza kupandisha picha za safari au simu ikianza kuhifadhi video zake mtandaoni, kila mtu mwingine hukwama. Sababu yake ni foleni. Kasi ya kupandisha katika vifurushi vingi ni ndogo kuliko ya kushusha, na ruta inapopewa data nyingi kuliko inavyoweza kutuma huiweka katika foleni badala ya kuikataa. Kumbukumbu ikiwa kubwa, foleni huwa ndefu mno, na ujumbe mdogo wa simu ya video husubiri nyuma ya picha zote. Mhandisi Jim Gettys alilivalia njuga jambo hili mwanzoni mwa muongo uliopita, na mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakachapisha kanuni ya kusimamia foleni kwa kuangalia muda ambao kila kipande cha data kimesubiri badala ya kuangalia urefu wa foleni yenyewe. Tiba ipo, kwa hiyo, tena ya zaidi ya muongo mmoja.

Kuithibitisha kasoro hii ni rahisi. Kwenye kompyuta fungua dirisha la amri, andika ping, amri inayopima muda wa ujumbe kwenda na kurudi, ikifuatiwa na anwani yoyote inayojibu, mathalani 8.8.8.8, utazame milisekunde nyumba ikiwa imetulia. Kisha anza kupandisha faili kubwa na utazame tena. Namba ikiruka kutoka 30 hadi 600 au zaidi, na ikirudi mara faili linapomalizika, tatizo ni foleni, na kununua kasi zaidi ya kushusha hakutaligusa. Dawa ni ruta yenye usimamizi wa foleni, iwekewe kikomo cha kupandisha kiasi cha asilimia 85 hadi 90 ya kasi halisi iliyopimwa, ili foleni iundwe ndani ya ruta inayojua kuipanga. Bahati mbaya ruta zinazogawiwa na kampuni nyingi hazina kipengele hicho, au zina kufuli ambalo mteja hawezi kulifungua. Anayetaka kuweka ruta yake nyuma ya ile ya kampuni huambiwa ni kosa. Sioni ni kosa la namna gani.

Nimeeleza kwa kirefu yaliyo ndani ya nyumba, na wahudumu wa kampuni wakisoma mpaka hapa huenda wakafurahi. Lakini kipimo cha waya kikitoka kibaya, mazungumzo yanabadilika, na hapo mteja hapaswi kupelekwa tena kwenye kuzima na kuwasha.

Kwa walio na ruta za mtandao wa simu, swali la kwanza ni mnara unasikika kiasi gani. Katika ukurasa wa mipangilio ya ruta kuna namba iitwayo RSRP, inayoandikwa kwa hasi: ikiwa karibu na -80 mawimbi ni mazuri, ikifika -110 ni dhaifu sana. Kando yake kuna SINR, inayopima usafi wa mawimbi dhidi ya kelele. Ikizidi 20 ni safi, ikikaribia sifuri usitarajie makuu. Anayeishi kwenye mabonde ya Kibosho au Uru, kilima kikiwa kati yake na mnara na migomba ikiwa imezunguka nyumba, anaweza kulipia kifurushi chochote asione tofauti, na majani yaliyolowa mvua huzidi kuyafyonza mawimbi. Kwake suluhisho ni kuisogeza ruta kwenye dirisha linaloelekea mnara, au kufunga antena ya nje juu ya paa. Hapo patazuka ugomvi mdogo, kwa sababu dirisha linalofaa kwa mnara mara nyingi ndilo kona mbaya kabisa kwa waifai, na kebo ya kifaa cha pili inarudi kuwa ya lazima. Lakini RSRP ikiwa nzuri, SINR ikiwa nzuri, na kasi ya asubuhi ikiwa nzuri huku ya usiku ikianguka, basi mnara umeelemewa, na anayeweza kulirekebisha hilo ni mwenye mnara.

Kwa walio na faiba, yaani intaneti inayoletwa kwa waya wa kioo, taa nyekundu iliyoandikwa LOS maana yake ni kwamba mwanga haufiki kabisa. Kinachosahaulika ni hali ya katikati, ambapo mwanga unafika ukiwa hafifu. Vifaa vingi vya majumbani hupokea vizuri kati ya -8 na -27 kwa dBm, kizio cha nguvu ya mwanga, ambapo namba inavyozidi kwenda hasi ndivyo mwanga unavyokuwa hafifu. Laini iliyofungwa ikiwa na -26 itafanya kazi siku ya kwanza, kisha itaanza kukatika waya ukikunjwa nyuma ya kochi au kiungo cha nje kikiingiwa na vumbi na unyevu. Fundi aliyefunga alikuwa na kifaa cha kupimia mkononi. Namba aliiona. Mteja hakuambiwa.

Tena faiba hugawanywa. Mfumo unaotumika sana majumbani, GPON, hubeba gigabiti 2.488 kwa sekunde za kushusha na 1.244 za kupandisha katika waya mmoja, ambao hugawiwa nyumba 32 au 64. Wazee wa Machame na Kibosho walioishi kwa mfongo wanalielewa jambo hili bila kufundishwa: maji ya mfereji mmoja hutosha mashamba yote mradi kila mtu ana zamu yake, na shida huanza siku wote wanapofungua kwa pamoja. Hata hivyo hesabu inatuambia kitu zaidi. Nyumba 64 zikivuta zote kwa wakati mmoja, kila moja bado ingepata zaidi ya megabiti 35. Basi mteja wa faiba anayepimwa megabiti 4 kwenye waya saa tatu usiku asikubali kuambiwa kwamba majirani ni wengi. Uhaba huo kwa kawaida uko mbele zaidi, katika uwezo ambao kampuni imenunua kutoka mtaani kwake hadi Dar es Salaam na kutoka Dar es Salaam kwenda nje, na huo ni uamuzi wa kibiashara uliofanywa na watu.

Zipo siku ambazo kweli hakuna wa kulaumiwa mtaani. Nyaya za baharini za SEACOM, iliyofika mwaka 2009, na EASSy, ya mwaka 2010, zinategemewa na nchi nyingi za ukanda wetu, na tarehe 12 Mei 2024 zote mbili ziliharibika. Nyumba nzima nzima zikabaki zinatazama kurasa zisizofunguka, kwenye ruta ya kila kampuni iliyozitegemea. Siku hiyo ilitosha tangazo fupi la ukweli.

Ninachoomba kwa kampuni ni vitu ambavyo tayari wanavyo. Mkataba utaje, kwa Kiswahili, kasi ya chini kabisa ambayo mteja atarajie usiku, si ile ya juu peke yake inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye mabango. Kifurushi kinachoitwa kisicho na kikomo, ambacho kasi yake hupunguzwa baada ya matumizi fulani, kitaje matumizi hayo ni gigabaiti ngapi na kasi inashuka hadi wapi, kwa maana wengi wanaolalamika kwamba intaneti huharibika kila baada ya tarehe 20 wamefikia kikomo ambacho hawakuwahi kuonyeshwa. Fundi anapomaliza kufunga aache karatasi yenye kasi aliyoipima kwenye waya, nguvu ya mwanga au RSRP, na tarehe. Karatasi hiyo itamlinda fundi mwenyewe, kwa kuwa mwaka mmoja baadaye kila mtu ataona kama ni laini iliyobadilika au ni mteja aliyehamishia ruta jikoni.

Kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ninajua kwamba Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ipo, na kanuni za ubora wa huduma za mwaka 2018 zipo. Tangu Agosti 2022 mpanda mlima Kilimanjaro amekuwa na intaneti ya kasi katika kituo cha Horombo, mita 3,720 kutoka usawa wa bahari, na ni jambo la kujivunia. Ningependa kanuni hizo nazo zishuke hadi mlangoni mwa mkazi wa Njoro, kwa kuilazimisha kampuni ipokee vipimo vya mteja vilivyofanywa kwenye waya, vyenye tarehe na saa, kama sehemu halali ya malalamiko. Leo mteja akituma picha za vipimo vyake huambiwa kwamba mfumo wa kampuni hauonyeshi tatizo, na simu inakatwa.

Kuna watakaosema kwamba ninamtwika mwananchi kazi ya ufundi. Sikubaliani nao. Kuchomeka kebo, kusoma namba tatu na kuziandika kwenye daftari asubuhi na usiku kwa wiki moja ni kazi ambayo mtoto wa shule ya msingi anaiweza, na mara nyingi ndiye atakayeifanya. Wiki ikiisha, namba za waya zikiwa nzuri, familia itajua kwamba fedha ya kifurushi kikubwa inafaa kwenda kwenye kebo na kifaa cha pili cha waifai. Zikiwa mbaya, nakala ya daftari iambatishwe kwenye barua ya malalamiko kwa mtoa huduma, na mteja adai namba ya kumbukumbu ya lalamiko lake. Asiporidhika na majibu, barua hiyo hiyo, pamoja na namba hiyo, aipeleke Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha, au kwa Baraza la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano.

Wako,
Fundi wa mitandao,
Rau, Moshi